Macho chini, jasho usoni: kumsoma mgombea mdahaloni na mipaka yake

Suala limetoka kwa mwalimu wa skuli huko Wete, Pemba. Anaeleza kwamba ukumbi wao uliwakaribisha wagombea uwakilishi kwa mdahalo, vijana wakaurikodi kwa simu. Mgombea mmoja aliinamisha macho kila alipoulizwa na mzee aliyekaa safu ya mbele, na alikuwa akijifuta jasho mara kwa mara. Kipande cha sekunde 12 kimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na barzani hukumu imeshapita: muongo yule, si mumeona macho yanavyopanda juu kushoto? Mwalimu anauliza mambo mawili. Kuna elimu ya kweli hapo, au watu wanapiga ramli? Na vijana wake, watakaosimamia mdahalo mwengine, waandike nini wanapotizama ili kiwe na maana?

Mwalimu, elimu ipo, ila haisemi wanachokitaka barzani. Mwili wa mgombea unaonesha vizuri mambo mawili: uzito wa kazi iliyomo kichwani mwake kwa wakati ule, na namna anavyomchukulia aliye mbele yake, awe muulizaji au mpinzani. Kweli na uongo havisomeki humo. Anayeficha jambo na anayetafuta takwimu aliyoisahau hufanana usoni, kwa sababu wote wawili wanafikiri sana na huku wanatizamwa.

Hilo la juu kushoto tulimalize upesi. Mwaka 2012 Richard Wiseman na wenzake huko Uingereza waliipima imani hiyo, kwamba mwelekeo wa macho humfichua muongo. Waliwarikodi watu wakisema kweli na wakisema uongo, wakahesabu macho yanaelekea wapi, wasipate uhusiano wowote. Kisha wakawafundisha baadhi ya watazamaji kanuni yenyewe, wengine wasiwafundishe. Waliofundishwa hawakuwashinda wenzao kuwatambua waongo. Kwa jumla binadamu ni dhaifu sana katika kazi hii. Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya mwaka 2006 matokeo ya majaribio yaliyohusisha waamuzi zaidi ya 24,000: wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54, na anayerusha sarafu hupata 50. Na ukisikia mkufunzi wa semina anakwambia kwamba asilimia 55 ya ujumbe ni uso, 38 ni sauti na 7 tu ni maneno, jua anamnukuu Albert Mehrabian visivyo. Majaribio yake ya 1967 yalihusu neno moja moja lililotamkwa kwa sauti tafauti na picha za nyuso, na suala lilikuwa kama msemaji anakupenda au hakupendi. Hayakuhusu hotuba, wala bei ya karafuu, wala maji ya bomba.

Sasa uso una kazi gani basi? Kazi kubwa, na ndiyo inayotisha. Alexander Todorov na wenzake walionesha mwaka 2005 kwamba watu waliooneshwa picha za wagombea wasiowajua na kuulizwa nani anaonekana hodari zaidi, waliwateua washindi wa viti vya Seneti ya Marekani kwa takriban asilimia 70. Sekunde moja ya kutizama ilitosha kukaribia matokeo hayo. Miaka minne baadaye John Antonakis na Olaf Dalgas, huko Uswisi, walifanya jambo la ajabu zaidi. Waliwaambia watoto wa miaka 5 hadi 13 wajifanye wanasafiri baharini, wakawaonesha picha za wagombea ubunge wa Ufaransa wa mwaka 2002, wawili wawili, wachague nahodha. Nahodha waliyemchagua alikuwa mshindi wa uchaguzi kwa takriban asilimia 71. Watoto wa Uswisi hawakujua hata kama watu wale ni wanasiasa. Kwa hiyo anapokwambia mtu mzima wa Pemba kwamba amemuona mgombea fulani na akajua tu kuwa huyu kiongozi, usimcheke. Ameona kitu kweli, ila alichokiona ni umbo la taya na nyusi.

Kuna jaribio jengine la 1985, la Gregory McHugo na wenzake, ambalo watu wa vyama wangelijua lingewapunguzia maneno. Waliwaonesha watu video za Ronald Reagan, rais wa Marekani wa wakati ule, akiwa na uso wa furaha, wa hasira na wa wasiwasi, huku wakipima misuli ya mashavu na ya nyusi za watazamaji. Walipoulizwa wanajisikiaje, wapenzi wake walisema hivi na wapinzani vile. Misuli yao lakini ilielekea kuufuata uso wa Reagan kwa pande zote mbili. Mwili wa mtazamaji humuitikia mgombea kabla chama chake hakijamkataza. Halafu ndio anakuja barzani kutoa sababu.

Tuje kwenye macho ya mgombea wenu. Vitabu vingi vya kufundisha mdahalo vimeandikwa Marekani, na kwa kawaida vinaamuru: mtizame muulizaji machoni. Hapa kwetu kijana wa miaka 35 akiulizwa na mzee aliyemfundisha chuoni Kurani, akamkazia macho mwanzo hadi mwisho, ukumbi mzima utasema hana adabu. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni malezi. Tena tizama wakati wenyewe: umeandika kwamba aliinamisha alipoulizwa na yule mzee. Je, alipoulizwa na kijana mwenzake alifanya vile vile? Alipokuwa anajibu aliinua? Ukirejea kwenye rikodi kamili utapata jibu kwa dakika tano. Kama macho yalishuka wakati wa kusikiliza suala la mzee na yakapanda wakati wa kujibu, hiyo ni heshima na hakuna zaidi. Kama yalishuka kwa kila muulizaji, na yakashuka katikati ya jibu pale ilipofika hesabu ya fedha za jimbo, hapo umepata mahali pa kuuliza suala la pili. Na narudia: mahali pa kuuliza.

Njia nzuri kwa mgombea mwenye tabia hiyo ni kugawa macho. Mzee anapouliza, macho yashuke kidogo na kichwa kiitikie. Jibu linapoanza, amtizame mzee kwa sentensi ya kwanza, ambayo ni ya heshima na jina lake, kisha macho yaende kwa hadhira, sehemu tatu za ukumbi, sentensi nzima kila sehemu, wala si kupepesa kama anayehesabu watu. Mwisho arejee kwa mzee kwa sentensi ya kumalizia. Hakuna atakayemuita jeuri, na simu iliyoko katikati ya ukumbi itayapata macho yake.

Mambo mengine ya kwetu yanayosomwa vibaya na macho ya kitabu ni haya. Mgombea anayezungusha tasbihi mkononi si lazima awe na wasiwasi. Huenda amekuwa akiizungusha tangu alfajiri. Mgombea mwanamke asiyempa mkono mpinzani mwanamme, akaweka kiganja kifuani, hakumdharau. Kwa mwenye nikabu, wasomaji wa nyuso hubaki hawana kitu na huanza kubuni. Wasikilize sauti, watizame mabega na mikono, na wakubali kwamba watajua kidogo zaidi. Mikono iliyokunjwa kifuani mara nyingi ni ya mtu aliyepewa kiti cha plastiki kisicho na mikono, au aliyekaa chini ya kiyoyozi. Kugusa pua huenda ni jasho tu.

Upande wa pili, kuna ishara za kwetu ambazo kitabu hakizijui na ukumbi mzima unazielewa papo hapo. Msonyo, hata mdogo, kipaza sauti kikiupata umekwisha. Kubetua mdomo mpinzani anapotaja elimu yake. Kumnyooshea mtu mzima kidole usoni. Kumpokeza mwenzio kipaza sauti kwa mkono wa kushoto huku umetizama pengine. Na kushika tama. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2024, kwenye mdahalo wa urais wa Marekani huko Philadelphia, Kamala Harris alionekana mara kadhaa ameweka mkono kidevuni akimsikiliza Donald Trump, na Wamarekani wengi wakasoma kwamba anamsikiliza kwa mshangao na kejeli kidogo. Mgombea wa Chake Chake akiweka shavu kiganjani vile jukwaani, nusu ya akina mama ukumbini wataona mtu aliyefikwa. Mwambieni asiige.

Jasho nalo. Hadithi yake maarufu ni ya Richard Nixon na John Kennedy, tarehe 26 Septemba 1960, Chicago, mdahalo wa kwanza wa wagombea urais wa Marekani kuoneshwa kwenye televisheni, mbele ya watazamaji wanaokaribia milioni 70. Nixon alikuwa ametoka kulazwa hospitali karibu wiki mbili kwa ugonjwa wa goti, amepungua uzito na kola ya shati imemlegea. Alikataa kupambwa uso kitaalamu, akapakwa poda tu ya kuficha ndevu, na chini ya taa kali poda ikashindwa na jasho la kidevuni. Suti yake ilikuwa ya kijivu na ukuta wa nyuma nao wa kijivu. Husemwa kwamba waliosikiliza redio walimpa Nixon ushindi na waliotizama wakampa Kennedy. Ushahidi wa upande wa redio ni uchunguzi mdogo, na wasikilizaji wa redio zama zile hawakuwa watu wa aina moja na watazamaji wa televisheni, kwa hiyo msiutegemee sana. Chenye nguvu zaidi ni jaribio la James Druckman, lililochapishwa 2003: aliwapa wanafunzi wasioijua habari yenyewe mdahalo ule ule, baadhi kwa picha na baadhi kwa sauti tu, na waliotizama walielekea zaidi kumuona Kennedy mshindi.

Ila jasho la Nixon lina sababu za kiufundi ndani yake, na za namna hiyo zimo kwenye ukumbi wenu, pengine kwa ukali zaidi. Ukumbi wa skuli wenye watu 200, madirisha yamefungwa ili magari yasisikike, feni imezimwa kwa sababu inavuma kwenye kipaza sauti: hata anayesema kweli tupu atarowa. Kinachoweza kufanywa ni hiki. Feni ziwashwe dakika 45 kabla na zizimwe wagombea wanapopanda. Mlango wa nyuma ubaki wazi. Kila mgombea awe na leso ya kitambaa, si karatasi inayoacha vipande kwenye ndevu, na ajifute kwa kugandamiza wala si kusugua, pale mgombea mwengine anapozungumza na kamera iko kwa huyo mwengine. Anayejifuta baada tu ya kuulizwa suala gumu amewapa watu picha wanayoitaka, ingawa jasho lilianza nusu saa nyuma.

Kisha kanzu nyeupe. Hili halizungumzwi, na nahisi limewaharibia wagombea wengi wa visiwani kuliko maneno yao. Simu ikiachwa ijipimie mwangaza, hupima picha nzima na kuuvuta kuelekea wastani wa kijivu. Mpe mtu mwenye kanzu nyeupe na kofia nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa: simu huona mwanga umezidi, hupunguza, na uso wa mtu unageuka kivuli. Macho hayaonekani, nyusi zinaonekana zimekunjwa hata kama hazikukunjwa. Juu yake ongeza taa ya mrija iliyo darini, nayo hutupa kivuli cha ukingo wa kofia juu ya paji na mashimo ya macho. Mtazamaji anasoma uso wa mtu mwenye hila, na kinachosomwa ni kivuli. Kwenye simu nyingi dawa ni kubonyeza uso wa mgombea kwenye kioo na kushikilia kidole sekunde mbili hivi mpaka mwangaza ujifunge hapo, kisha kuburura alama ya jua juu kidogo. Kanzu itang'ara kupita kiasi, mwacheni ing'are. Ukuta wa nyuma tandikeni kitambaa cha rangi moja iliyoiva, buluu au kijani iliyokoza, mkiangalia isiwe rangi ya chama chochote. Koti juu ya kanzu husaidia. Taa mbili za kusimama mbele, kulia na kushoto, juu kidogo ya usawa wa macho, huondoa kivuli cha kofia. Zikiwa chini ya kidevu hugeuza kila mtu jini.

Mahali pa simu pia ni hukumu. Kijana aliyekaa sakafuni akamrikodi mgombea kutoka chini atamfanya aonekane anawatizama watu kwa kidevu, yaani ana kiburi. Anayerikodi kutoka ghorofani humfanya mdogo na mnyonge. Simamisheni simu kwa usawa wa macho ya mgombea, mita tatu au zaidi kutoka alipo, mkavuta picha kidogo. Simu ikiwa karibu mno, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Na wote watatu au wanne warikodiwe kwa urefu ule ule. Ukiona mmoja tu ana uso mzuri, uliza kwanza nani alishika simu.

Hicho kipande cha sekunde 12 kilichokatwa ni balaa la namna yake. Video ya kawaida ina picha 25 au 30 kwa sekunde. Mtu akiwa ametulia hupepesa macho mara 15 hadi 20 kwa dakika, na kila mpepeso huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde hadi nne za kumi. Chukua mara 20, kila moja sehemu mbili za kumi: sekunde 4 za kila dakika kope zimeshuka nusu au zote. Kwa video ya picha 25 hizo ni picha 100 katika dakika moja ambazo mgombea anaonekana amelewa au amelala, na asiyempenda anahitaji moja tu. Ongeza na lugha yetu: takriban kila neno la Kiswahili humalizikia irabu, kwa hiyo kinywa hubaki wazi mwisho wa kila neno. Simamisha video kwenye "maendeleo" utapata mdomo wa duara wa mtu aliyeshtuka. Simamisha kwenye "barabara" utapata taya lililoanguka. Picha moja iliyosimamishwa haisomwi. Hata zile nyuso za mpito wa ghafla ambazo wataalamu wamezichunguza, zinazodumu kati ya sehemu moja ya 25 na sehemu moja ya tano ya sekunde, kwenye video yenu ni picha moja hadi sita, na WhatsApp imeshaibana video hiyo mpaka kope na mikunjo ya mdomo imekuwa ukungu. Anayedai kuziona humo anaona ukungu.

Kupepesa kwenyewe kumetumiwa kama kipimo cha wasiwasi. Mtafiti Joseph Tecce wa Boston alihesabu mdahalo wa urais wa Marekani wa 1996: Bob Dole alipepesa wastani wa mara 147 kwa dakika, Bill Clinton 99. Wote wawili walipita mbali mno kiwango cha mtu aliyetulia. Taa, upepo wa feni na vumbi vinaongeza, kama wasiwasi unavyoongeza. Idadi peke yake haisemi kitu mpaka uilinganishe na ya mtu yule yule dakika chache nyuma.

Na tabasamu. Tangu daktari Mfaransa Duchenne, katikati ya karne ya 19, inajulikana kuna msuli wa shavu unaovuta pembe za mdomo na msuli unaolizunguka jicho unaokunja ngozi pembeni. Watu wakafundishwa kwamba jicho likikunjana tabasamu ni la moyoni. Uchunguzi wa karibuni umeonesha watu wengi wanaweza kuukunja msuli huo kwa makusudi. Kinachofaa zaidi kutizamwa ni mwendo wake: tabasamu linalopanda na kushuka taratibu, likaanza pamoja na maneno au kabla yake kidogo, huaminika kuliko linalowaka ghafla baada ya sentensi kwisha na kuzimika palepale. Hata hilo ni kwa mtu anayecheka kwa kawaida. Wapo watu wetu wengi, khasa wa shamba, wanaotabasamu wanapokataa jambo, kwa kuona haya kumkatalia mtu hadharani.

Ukitaka pahala penye mavuno halisi, acha msemaji, mtizame anayesikiliza. Msemaji amejifunza maneno yake na mikono yake. Msikilizaji anasahau kwamba anaonekana. Tarehe 15 Oktoba 1992 huko Richmond, George Bush mkubwa alitizama saa yake wakati mwananchi mmoja anauliza kuhusu hali ngumu. Clinton, zamu yake ilipofika, alimsogelea muulizaji hatua kadhaa na kuzungumza naye. Mwaka 2000 huko Boston Al Gore alikuwa akishusha pumzi kwa nguvu kila George W. Bush anapojibu, na vipaza sauti vikazichukua. Wengi wamesahau hoja zake na wanazikumbuka pumzi. Katika ule mdahalo wa Harris na Trump wa 2024 vipaza sauti vya asiyekuwa na zamu vilizimwa, uso ukawa ndio wa kujibu, na kioo kilichogawanywa nusu kwa nusu kikaonesha yote. Kura za maoni za usiku ule zilimpa Harris ushindi wa mdahalo. Novemba alishindwa uchaguzi. Mwenye kuuza semina za lugha ya mwili hakumbushi hilo.

Wakenya wana mfano uliokithiri wa aina hii: mwaka 2017 Raila Odinga alisimama peke yake jukwaani kwa kuwa Uhuru Kenyatta hakufika, na 2022 ikawa zamu ya William Ruto kusimama peke yake kwa kuwa Raila alikataa. Nafasi tupu ni ishara kubwa kuliko nyusi zote, lakini mwaka 2017 aliyekuwepo hakutangazwa mshindi, na 2022 alitangazwa.

Kipaza sauti kimoja kinachopokezanwa, ambacho ndicho mlichonacho, kinahitaji kufahamika kabla ya kuandika chochote. Katika mazungumzo ya kawaida pengo baina ya suala na jibu ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Kipaza kikipita mikono mitatu, pengo linakuwa sekunde nne, na mtazamaji anasema alisita. Mkono mmoja umeshakamatwa, na aliyeshika kwa wa kulia hubaki na wa kushoto, ambao wengi wetu hatupendi kuuchezesha mbele za watu; basi unaganda pajani na mtu anaonekana mkavu. Akikishika karibu sana anaficha mdomo. Akigeuza kichwa kwa hadhira bila kukigeuza kipaza, sauti inazama katikati ya sentensi na wanasema amepoteza uhakika. Kishikwe sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, kiende na kidevu. Mkipata stendi tatu za meza, nusu ya tatizo imeondoka.

Sasa fomu ya vijana. Kila kijana apewe mgombea mmoja na jambo moja tu la kuhesabu. Anayetizama macho asitizame mikono. Vijana wawili wapewe kazi moja wakiwa wamekaa mbalimbali, wasizungumze. Karatasi iwe na safu ya dakika na safu ya suala lililoulizwa, maana ishara bila ya suala lake haina thamani. Mambo ya kuhesabu yasizidi matano: macho yako wapi kila baada ya sekunde kumi (kwa muulizaji, hadhira, mpinzani, karatasi, chini), mkono huru unatembea au umeganda, uso anaposikiliza (umetulia, unatabasamu, umekunjamana, amegeukia pengine), sekunde kati ya kupata kipaza na neno la kwanza, na mara ngapi amemkatiza mwenzake au amekatizwa. Maneno kama "anaogopa", "ana kiburi", "mkweli" yapigwe marufuku kwenye fomu. Angalia khasa kwa wagombea wanawake: mwanamme akikunja uso ataandikiwa "amekunja uso", mwanamke ataandikiwa "mkali".

Dakika mbili za mwanzo, za salamu, jina na shukrani, ndizo kipimo cha mtu huyo. Zihesabiwe kama nyengine, lakini ziwekewe alama, kwa kuwa zote zinazofuata zitalinganishwa nazo. Kijana atafute dakika ambazo mambo mawili au matatu yamebadilika kwa pamoja, kwa mfano macho yamehamia kwenye karatasi, mkono umeganda na pengo limerefuka, yote ndani ya sekunde tano hivi za suala. Badiliko moja lipuuzwe. Yakitokea mawili au matatu, kijana aandike suala lile na jibu lake neno kwa neno, kisha akaangalie kwenye bajeti au kwa sheha kama kilichosemwa ni kweli. Uso umemwambia wapi pa kuchimba na kazi yake imeishia hapo.

Siku ya pili wakae na rikodi nzima, waitizame mara tatu. Kwanza bila ya sauti, na kila mmoja aandike nani alionekana hodari. Pili sauti tu, simu imefunikwa, aandike nani alijibu alichoulizwa. Tatu zote pamoja. Mkiona majina ya karatasi ya kwanza na ya pili yanatafautiana sana, hilo ndilo la kujadiliwa darasani. Halafu linganisheni fomu za wale wawili wawili: katika kila dakika kumi, wamekubaliana ngapi? Zikifika nane, fomu inafaa. Zikiwa chini ya hapo, msibishane nani ameona sawa. Maelezo ya kinachohesabiwa hayakuwa wazi. Semeni "macho chini" ni kope zimeshuka kwa sekunde moja nzima au zaidi, mrudie dakika zile zile.

Kipande cha sekunde 12 kiwekeni cha mwisho kabisa, baada ya karatasi ya tatu, kikiwa na dakika nzima iliyokitangulia na dakika iliyokifuata. Kama rikodi kamili bado ipo kwenye simu ya mmoja wao, iombeni leo na muihifadhi kwenye kompyuta ya skuli, kwa sababu kijana simu ikimjaa atafuta faili kubwa na kubaki na kipande.